Aliyemgonga askari akafa, ni kamba moja kwa moja? Jibu kwa shangazi wa Rungwe

"Naandika kwa niaba ya mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mwenyewe tangu akiwa mdogo. Ni dereva wa bodaboda. Mwezi uliopita, saa kumi alfajiri, alikuwa anatoka Isyonje kwenda Uyole amebeba lumbesa ya viazi. Kulikuwa na ukungu. Askari wa barabarani walimsimamisha, hakusimama kwa kuwa hana leseni, akampitia askari mmoja. Askari alilazwa, siku ya tatu akafariki. Kijana ameshtakiwa kwa mauaji na yuko mahabusu. Huku mtaani wanasema akifa askari hakuna cha kesi, ni kunyongwa tu, na hata nchi za wenzetu ukiua polisi au mtu wa zimamoto au wa ambulansi ni hivyohivyo. Wengine wanasema kilichomuua askari ni kucheleweshwa hospitali. Ndugu wanataka kijana aseme alidhani ni majambazi. Wengine wanataka tuchange pesa tuipelekee familia ya marehemu ili kesi ifutwe. Polisi wameandika ana miaka 19, mimi naamini hajafika huko. Tuuze shamba tuweke wakili au tumwachie Mungu?"

Mama, shikamoo, na pole sana. Pole kwa kijana, na pole kwa msiba ule mwingine pia, maana kuna nyumba ambayo mtu aliaga kwenda zamu ya usiku na hakurudi. Nakujibu nikiwakumbuka wote wawili.

Nianze na la mtaani, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi. Sheria yetu haina kifungu cha peke yake kinachosema anayemuua askari anyongwe na anayemuua raia apewe kitu kingine. Kilichopo kinabana zaidi ya hapo, na wengi hawakijui. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaeleza kosa la kuua kwa kukusudia katika kifungu cha 196, na kifungu cha 197 kinataja adhabu yake, ambayo ni moja tu: kunyongwa hadi kufa. Awe aliyeuawa ni askari, mkulima wa viazi au mtoto mchanga, jaji akishatamka kwamba kosa limethibitika, hana nafasi ya kupunguza hata kama machozi yanamlenga. Umasikini, kutokuwa na kosa la nyuma, kuwa tegemeo la bibi, vyote havisaidii kitu hapo.

Kwa hiyo mlango wa kesi ya kijana wako hauko kwenye cheo cha marehemu. Uko kwenye nia. Nia ikithibitika, ni kifungu cha 197. Isipothibitika, kosa linashuka kuwa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha lakini jaji yuko huru kushuka hadi pale anapoona panastahili. Kati ya makosa hayo mawili ndipo ilipo tofauti ya kufa na kupona, na hapo ndipo nguvu za familia zielekezwe.

Sasa nisikufiche. Watu wakisikia neno "nia" wanafikiri ni lazima mtu awe amepanga kuua. Sivyo. Kifungu cha 200 kinatoa njia nne za kuthibitisha dhamira ovu, yaani ile nia inayolifanya kosa liwe mauaji. Ya kwanza ndiyo hiyo inayofahamika, kukusudia kuua au kumjeruhi mtu vibaya. Ya pili ni kujua kwamba unachofanya kinaweza kabisa kuua au kujeruhi vibaya, na ukaendelea nacho, hata kama moyoni unaomba isitokee. Ya tatu ni kukusudia kutenda kosa lolote ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka 3. Ya nne ni kukusudia kumsaidia mhalifu kukimbia.

Njia ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi. Kifungu cha 243 cha sheria hiyohiyo kinasema anayemshambulia au kumzuia kwa makusudi askari aliye kazini anaweza kufungwa miaka 5. Mitano ni zaidi ya mitatu. Mwendesha mashtaka makini anaweza kusimama na kusema: huyu kijana alikusudia kumpinga askari kwa nguvu, hilo peke yake linatosha kuwa dhamira ovu, na aliyempinga amekufa. Hapa ndipo sare ya polisi inapoingia kwenye kesi. Haiingii kwenye adhabu kama mtaa unavyodhani, inaingia kwenye ushahidi wa nia. Kama angemgonga mpita njia katika ukungu uleule, huenda leo mngekuwa mnazungumzia kesi ya usalama barabarani, kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, ambayo ni nyepesi mno ukilinganisha na hii.

Kukimbia kizuizi, hata hivyo, si sawa na kumwendea askari ili umgonge. Mtu anaweza kukwepa kusimama bila kukusudia kumdhuru yeyote, na mahakama zetu hupima nia kwa vitu vinavyoonekana: kilichotumika kuwa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyoumia, maneno ya mtu kabla ya tukio na baada ya tukio, na alivyofanya baadaye. Ndiyo maana kesi kama hii hubebwa na vitu vidogo sana. Pikipiki ilipinda kushoto au ilinyooka? Kuna alama ya breki kwenye lami, na ina urefu gani? Askari alikuwa na koti la kuakisi mwanga na tochi iliyowaka? Alisimama ukingoni au aliingia katikati ya barabara dakika ya mwisho? Breki za pikipiki zilikuwa zinashika? Na ile lumbesa ilikuwa na uzito gani? Pikipiki yenye lumbesa nyuma inainuka mbele, usukani unakuwa mwepesi, na ukikamata breki ghafla kwenye mteremko, mzigo unaisukuma iendelee. Kila dereva wa Isyonje analijua hilo, lakini jaji halijui mpaka aambiwe na shahidi.

Niliwahi kusimamia kesi ya namna hii ambayo ramani ya eneo la tukio ilionyesha barabara imenyooka kama rula. Nilikwenda mwenyewe alfajiri na futi kamba na kijana mmoja aliyevaa koti la kuakisi mwanga. Nilimwambia asimame pale palipowekwa alama. Nikamwona nikiwa hatua kumi na nne tu kutoka kwake, na kabla ya hapo palikuwa na kona ambayo kwenye karatasi haikuwepo. Hatua kumi na nne ni chache sana kwa aliye kwenye mwendo. Mama, mtu wa kwenda na futi kamba atafutwe mapema, kabla msimu wa ukungu haujaisha.

Kuhusu ushauri wa kusema alidhani ni majambazi: kama ndivyo alivyodhani kweli, aseme, na aseme kwa wakili wake kwanza. Sheria inamkubalia mtu aliyekosea kwa nia safi na kwa sababu za msingi, na barabarani usiku watu wamewahi kuwekewa magogo na kuporwa. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba hakusimama kwa kuwa hana leseni. Kama ndivyo alivyosema kwenye maelezo ya onyo siku ya kwanza polisi, basi hadithi ya majambazi ikija baadaye itasomwa pembeni ya yale maelezo, mstari kwa mstari, na akishaonekana mwongo kwa hilo hataaminiwa hata anapoeleza ukweli kuhusu breki na ukungu. Nakuomba uwazuie ndugu wasimpelekee maneno mahabusu. Ukweli wake, hata wenye aibu ya kukosa leseni, una nafasi nzuri zaidi. Mtu anayemkimbia trafiki kwa kuogopa faini hajafanya jambo jema, lakini woga wa faini ni kitu tofauti kabisa na kutaka kuua.

Hilo la hospitali msilitegemee. Sheria inamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo hata kama kilichomalizia ni matibabu ya jeraha alilolisababisha yeye, isipokuwa matibabu yawe yametolewa bila nia njema au bila ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo. Kuchelewa kupata rufaa peke yake hakumwondoi kijana. Wakili atasoma taarifa ya uchunguzi wa mwili, na kama kuna kitu atakiona.

Na pesa kwa familia ya marehemu? Hapa naomba unisikilize vizuri. Kesi ya mauaji ni ya Jamhuri. Mjane hana uwezo wa kuifuta hata akitaka, mwenye mamlaka hayo ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Mkienda na bahasha mkitaka kesi ifutwe, mnaweza kuonekana mnavuruga mashahidi, na mtakuwa mmemchoma kijana kwa mikono yenu. Kwenda msibani ni jambo jingine. Huenda mnazuiwa na woga kwamba rambirambi ni kukiri kosa. Rambirambi si kukiri. Kwa desturi zetu huku, kutokwenda ndiko kunakoacha jeraha. Tumeni wazee wawili watatu, wapitie kwa mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa kanisa, waulize kwanza kama watapokelewa, wakae, watoe pole, waondoke. Wasiitaje kesi hata kwa neno moja. Kama familia ile haitaki kuwaona sasa, waheshimuni, subirini.

Kuhusu umri, mama, hili ungeliweka mstari wa kwanza wa barua yako. Sheria inakataza adhabu ya kifo kwa aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Kijana wa namna hiyo akitiwa hatiani huwekwa kizuizini kwa amri ya Rais. Si jambo dogo nalo, lakini si kamba. Polisi wakiandika 19 kwa kukadiria uso na mwili wa mtu aliyezoea kubeba viazi, hiyo si mwisho wa habari. Kama hana cheti cha kuzaliwa, tafuta kadi ya kliniki, kitabu cha ubatizo kwenye ushirika wenu, na daftari la uandikishaji la darasa la kwanza. Kitabu cha ubatizo kwa wale waliobatizwa wachanga kina thamani kubwa, kwa sababu kiliandikwa wakati ambapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya. Usibadilishe tarehe hata moja. Ukikuta alishatimiza 18, basi ndivyo ilivyo, tuendelee na mengine.

Sasa hizo nchi za wenzetu. Ni kweli nyingine zina sheria za peke yake za kuwalinda askari na waokoaji, ila haziko kama mtaa unavyozisimulia. Jimbo la New South Wales, Australia, liliweka mwaka 2011 kifungo cha maisha cha lazima kwa anayemuua askari polisi, lakini ni lazima ithibitike kwamba muuaji alijua au alipaswa kujua kuwa huyo ni askari, na sheria hiyo haiwagusi walio chini ya miaka 18. Uingereza, askari aitwaye Andrew Harper alikufa mwaka 2019 alipoburutwa na gari la vijana waliokuwa wanakimbia baada ya kuiba. Walihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, wakapewa miaka 16 mmoja na 13 kila mmoja wa wengine wawili. Mjane wake, Lissie Harper, aliona uchungu wa hukumu hiyo akaanza kudai sheria ibadilike, na mwaka 2022 ikabadilika: sasa anayemuua mfanyakazi wa dharura aliye kazini, hata bila kukusudia, wakiwemo wa zimamoto na wa ambulansi, hupewa kifungo cha maisha isipokuwa pawe na mazingira ya kipekee kabisa. Zingatia hayo maneno ya mwisho. Hata katika uchungu ule waliacha dirisha kwa jaji.

Marekani ilikwenda mbali zaidi, ikarudi. Jimbo la Louisiana lilikuwa na sheria inayotaka kifo cha lazima kwa aliyemuua askari aliye kazini. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliifuta katika kesi ya Roberts. Majaji walikubali kwamba kuvaa sare kunaongeza uzito wa kosa, lakini wakasema jaji hawezi kukatazwa kuutazama umri wa mshtakiwa, ulevi wake, au hali aliyokuwa nayo. Jirani zetu nao wameifikia njia hiyo kwa mauaji yote: Malawi mwaka 2007, Uganda mwaka 2009 katika kesi ya Susan Kigula, Kenya mwaka 2017 katika kesi ya Muruatetu. Adhabu ya kifo haikufutwa siku hizo, kilichoondolewa ni ule ulazima. Hapa kwetu Jaji James Mwalusanya aliitangaza adhabu ya kifo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikairudisha, ikisema ni ya kikatili lakini Katiba inairuhusu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Vitabu vyetu bado vinasema lazima.

Na kama Bunge litatunga kesho sheria ya askari na waokoaji, kijana wako haitamhusu. Ibara ya 13(6) ya Katiba inakataza kumpa mtu adhabu kubwa kuliko ile iliyokuwepo siku ya tukio.

Utaniuliza mimi nasimama wapi. Nina ndugu wenye sare, na nimewaona vijana wa zimamoto wakiingia kwenye lori lililopinduka Mlima Nyoka wakati sisi wengine tunarudi nyuma. Wanastahili ulinzi wa kweli, na aliyekusudia kuwaua anastahili adhabu nzito kuliko zote. Lakini kwa miaka niliyosimama mahakamani nimeona adhabu ya lazima haiondoi uamuzi wa binadamu, inauhamisha tu. Badala ya jaji kupima mbele ya watu wote, sababu zake zikaandikwa na zikakatiwa rufaa, anayepima ni yule anayechagua hati ya mashtaka iandikwe mauaji au kuua bila kukusudia, na yeye hupimia ofisini. Hili linawagusa askari wenyewe. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, na aliyeshtakiwa kwa mauaji alikuwa askari polisi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15. Wengi waliumia na uamuzi ule. Ninachotaka ukione ni kwamba mlango wa nia uliofunguka kwa yule askari ndio uleule kijana wako anaosimama mbele yake leo.

Ujue pia kitakachofuata, usije ukachanganyikiwa. Kesi ya mauaji haina dhamana, kwa hiyo anayewaambia atawatolea kijana kwa dhamana mkimpa pesa ni tapeli. Mtaitwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kesi itatajwa na kuahirishwa mara nyingi kwa maneno "upelelezi haujakamilika". Hapo hakimu hana mamlaka ya kusikiliza kosa lenyewe, kijana hatatakiwa kujibu lolote. Upelelezi ukikamilika atasomewa maelezo ya mashahidi kisha kesi itapanda Mahakama Kuu. Inaweza kuchukua muda mrefu sana. Nendeni kumtembelea, mpelekeeni sabuni na nguo nzito, baridi ya Mbeya haina huruma na mahabusu.

Ikifika Mahakama Kuu, upande wa mashtaka ukiona ushahidi wa nia ni mwembamba, unaweza kukubali kijana akiri kosa la kuua bila kukusudia. Hutokea mara nyingi. Akikiri kosa hilo, jaji atasikiliza umri wake, majuto yake, muda aliokaa mahabusu, na atasikiliza pia kwamba aliyekufa alikuwa kazini akiwalinda watu barabarani. Uamuzi wa kukiri ni wa kijana mwenyewe baada ya kusoma ushahidi wote na wakili. Usimshinikize kukiri ili yaishe, wala usimkataze kwa ajili ya jina la ukoo.

Shamba usiuze sasa. Kwa kesi ya mauaji Mahakama Kuu humpangia wakili mshtakiwa asiye na uwezo, gharama zikibebwa na serikali, na wengi wao wanafanya kazi kwa moyo. Tatizo ni kwamba hupangiwa mwishoni, wakati mambo mengi ya mwanzoni yameshapita. Kwa hiyo kinachohitajika leo ni saa mbili tatu za wakili au msaidizi wa kisheria wa kuonana nawe ana kwa ana, aende mahabusu, amuulize kijana aliandikishwa nini polisi, kama alielezwa haki yake ya kuwa na ndugu au wakili, alihojiwa kwa saa ngapi (muda wa kawaida ni saa 4, zaidi ya hapo unahitaji kuongezwa kisheria), na kama alipigwa. Kama alipigwa, nenda wiki hii, makovu yanapona. Anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri wakuelekeze kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa, au mawakili wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika walioko Mbeya mjini.

Ukienda, beba kadi ya kliniki, nakala ya kitabu cha ubatizo, hati ya mashtaka kama mmepewa nakala, majina ya madereva wawili watatu wanaopita Isyonje alfajiri na mizigo, na jina la fundi aliyegusa breki za ile pikipiki mara ya mwisho. Pikipiki yenyewe iko mikononi mwa polisi kama kielelezo. Mwambie wakili aandike barua mapema kuomba breki zikaguliwe kabla haijaanza kushika kutu uani.